Kasiksi ya bido mjini Bukavu: unachonunua ni siku yake

Kasiksi, pombe ya ndizi na mtama, haitulii. Bido (dumu la plastiki) ileile ya lita 20, iliyotoka kwenye shimo moja la kuivishia ndizi na mkono mmoja, Ijumaa ni tamu kama asali iliyotiwa maji, Jumamosi inauma ulimi kwa raha, Jumapili inakunja uso. Ndiyo maana ukiwauliza watu wawili wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, kama kasiksi ya muuzaji fulani ni nzuri, mmoja ataisifu na mwingine atatema mate, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Walikunywa siku tofauti. Anayetaka kuipima pombe hii kwa haki aanze na siku, kisha ndipo afike kwenye ndizi, mtama, maji na bido yenyewe.

Hesabu ya siku huanza saa mtama unapotiwa. Kabla ya hapo ni mutobe tu, maji ya ndizi yaliyokamuliwa, matamu, mazito, ya rangi ya kahawia iliyofifia. Mutobe ni wa kila mtu: watoto, wajawazito, watu wa kanisa wasiogusa pombe. Lakini ni wa siku hiyohiyo. Chachu ya asili iko tayari kwenye maganda, kwenye nyasi za kukamulia, kwenye mikono na kwenye chombo, na huanza kazi baada ya saa chache. Mutobe uliolala usiku mmoja si kinywaji cha mtoto tena, hata kama bado ni mtamu na muuzaji anauita mutobe. Ukiona mapovu madogo yanapanda ukingoni mwa kikombe, au ukisikia mvumo mdogo unapotega sikio kwenye mdomo wa bido, mpe mtoto kitu kingine.

Baada ya saa 24 povu limepanda na sukari bado ni nyingi. Kati ya saa 36 na 48 ndipo kasiksi inapokuwa kasiksi: utamu umepungua bila kuisha, ukali umeingia, harufu ya mtama uliokaangwa inasikika kabla ya kikombe kufika mdomoni. Hiyo ndiyo siku ya pili, na bei nzuri inapaswa kulipia siku hiyo. Siku ya tatu pombe ni kali na kavu. Wazee wengi huipenda hivyo. Kuanzia siku ya nne bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki wameshinda, hasa kama chombo kimefunguliwa mara nyingi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo wiki ya mvua ongeza nusu siku kwenye hesabu hii. Mtengenezaji makini hufunika chombo kwa majani ya mgomba na blanketi, au hukiweka kando ya jiko la makaa. Asiyefanya hivyo huleta pombe iliyolala, yaani isiyochachuka vya kutosha, na yule anayeharakisha ataiuza hivyohivyo.

Kwa arusi, kalenda ndiyo huduma yenyewe. Tuseme wageni wanakaa saa sita mchana Jumamosi. Mtama utiwe Alhamisi jioni, ili saa ya kumwagia vikombe pombe iwe na saa kama 42. Ili mtama utiwe Alhamisi jioni, ndizi zitoke shimoni asubuhi hiyo, zimenywe na kukamuliwa mchana. Ili zitoke zimeiva vizuri, ziwe zimevundikwa siku tano au sita, maana yake zikatwe Ijumaa iliyotangulia. Na ili zikatwe Ijumaa, neno lako limfikie mtengenezaji Alhamisi. Siku tisa. Anayekukubalia kasiksi ya arusi siku tatu kabla atakuletea ile aliyonayo, iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine au ya mnada wa soko, na huwezi kumlaumu kwa ladha yake. Kati ya Juni na Agosti, kiangazi, arusi zinapofuatana, usiongee habari ya siku tisa. Anza mwezi mzima kabla na utoe avansi, malipo ya awali.

Kiasi ni hesabu rahisi ambayo watu huikosea kwa kusahau mashapo. Bido ya lita 20 ina vikombe 40 vya nusu lita kwenye karatasi tu. Chini hubaki lita moja na nusu hadi mbili za unga wa mtama na chachu iliyokufa, chungu, zinazosumbua tumbo. Wageni 100, vikombe viwili kila mmoja, ni lita 100. Bido tano zitakupa kama lita 90 za kunyweka. Agiza sita.

Matanga ni jambo jingine. Kifo hakitoi siku tisa. Familia inatuma kijana sokoni jioni ileile, naye anachukua bido zilizopo, za siku ya tatu, ya nne, wakati mwingine za mashimo mawili tofauti. Hivyo kasiksi ya kilio karibu daima ni chachu kuliko ya arusi, na watu waliokulia kwenye milima ya Bushi, nchi ya Washi, hubeba tofauti hiyo kwenye ulimi bila kujua imetoka wapi. Kikombe cha siku ya nne kikipita kooni, mazungumzo hugeuka yenyewe kuelekea waliokwenda. Wazee wengine humwaga kidogo chini kabla ya kunywa. Kwa kasiksi iliyochachuka hufanya hivyo pasipo kuhimizwa. Kama unanunulia matanga na unaweza kuchagua, usitafute tamu. Tafuta ya siku ya tatu iliyo safi: itakaa usiku mzima wa kukesha bila kuharibika zaidi, na utamu mahali pale huonekana kama kukosa adabu. Haya ni maoni, lakini ni maoni yanayoungwa mkono na bido nyingi za kilio zilizorudi tupu.

Sasa jinsi ya kununua. Kwanza uliza, na uliza kwa heshima, maana mama anayeuza ndiye mara nyingi aliyekamua.

«Mama, hii mulitia mutama siku gani?»
«Jana asubui, papa.»
«Na mayi?»
«Mayi tulichemusha, tukaacha ipoe.»

Majibu mawili hayo yana thamani kuliko kuonja mara tatu. Muuzaji anayejua saa ya mtama wake anaijua pombe yake. Anayejibu «ni ya sasa hivi» hajajibu kitu.

Kisha mimina kwenye kikombe cheupe au glasi, usitumie kikombe cha plastiki cheusi, na usubiri dakika tano. Kasiksi nzuri hujitenga polepole: juu rangi ya udongo mwekundu uliopauka, povu jembamba linalodumu, chini mstari wa mashapo laini. Ikijitenga haraka sana, juu maji na chini tope, ilitiwa maji baada ya kuiva. Harufu iwe ya ndizi mbivu na nafaka iliyokaangwa. Harufu ya siki inakueleza siku, harufu ya rangi ya kucha inakueleza kwamba hewa iliingia mapema. Mwisho kabisa onja, na usimeze haraka. Iache ifike pande za ulimi. Lazima uusikie ukakasi, ule wa ndizi za pombe, unaokausha kidogo ndani ya mashavu. Bila ukakasi kuna jambo.

Jambo hilo mara nyingi ni sukari na hamira. Mjini, bei ya ndizi inapopanda, wapo wanaochanganya mutobe kidogo, maji mengi, sukari ya dukani na hamira ya mkate. Inachemka haraka, inalevya, na usiku ule hakuna anayelalamika. Ishara zake ni tatu na huonekana pamoja: utamu ulio mbele tu ya ulimi na kuisha ghafla, harufu ya mkate mbichi, na mashapo meupe laini badala ya mashapo ya kahawia yenye chembe za mtama. Wengine huongeza kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ili ionekane kali. Hiyo utaijua kwa moto unaowaka kooni wakati kinywaji chenyewe bado ni kitamu. Kasiksi ya kweli haiwezi kuwa na utamu wote na ukali wote kwa wakati mmoja, kwa sababu ukali wake unatengenezwa kwa kuula utamu. Kasiksi iliyotiwa kanyanga irudishe, hata ukipoteza avansi.

Ndizi yenyewe inastahili maneno zaidi, kwa kuwa hapo ndipo makosa yasiyorekebishika hutokea. Ndizi za pombe si za kupika wala za kula mbivu. Zina tanini nyingi, zile zinazoleta ukakasi, na tanini hizo ndizo zinazofanya maji yaachane na nyama ya ndizi wakati wa kukamua. Kamua ndizi ya kupika iliyoiva na utapata uji. Ndizi ya pombe iliyovundikwa siku tatu tu bado ina wanga mwingi: inakamuliwa kwa shida, mutobe ni kidogo, na kasiksi yake ni nyepesi yenye ladha ya ndizi mbichi. Ikikaa shimoni siku nane au tisa, nyama inalegea, tanini zinapungua nguvu, na mkamuaji anapata tope lisilochujika. Atalazimika kuongeza maji ili kitu kitoke, na hapo pombe imekwisha kuharibika kabla haijaanza. Shimo zuri limetandikwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa, ndizi zimepangwa na kufunikwa, moshi wa moto mdogo umeingizwa kwa upande. Moshi huo una gesi ya ethilini, ileile ambayo ndizi mbivu hutoa, na ndiyo inayoziivisha zote kwa pamoja. Shimo lisilo na moshi huivisha nusu na kuacha nusu.

Kukamua hufanywa kwa nyasi ngumu, ndani ya chombo kilichochongwa kwenye gogo, kwa mikono au miguu iliyooshwa. Nyasi hukwaruza nyama ya ndizi na kushika machicha. Nyasi zilizolowa mvua au zenye ukungu huleta harufu ya ghala ambayo haitoki tena. Maji huongezwa baada ya mutobe wa kwanza kutoka, sehemu moja kwa sehemu tatu kwa wastani. Ukisikia mtu anasema nusu kwa nusu, ananunua faida yake kwa kinywaji chako.

Kisha kuna ugonjwa. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001 na baadaye ukashuka hadi Kivu Kusini. Huivisha ndizi kabla ya wakati na kuacha madoa ya njano na kahawia yenye wekundu ndani ya tunda. Ndizi kama hizo hutoa mutobe haba na mbaya, na mkulima aliyekata tamaa anaweza kuzichanganya na nzima. Ukipata nafasi ya kufika kwa mtengenezaji, omba kukata ndizi moja kabla ya kukamua. Nyama iwe na rangi moja. Na ukiona anachoma kisu motoni kati ya mgomba na mgomba, na ameondoa ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, umempata mtu ambaye kasiksi yake itakuwepo hata miaka mitano ijayo.

Mtama: kama kilo moja na nusu kwa lita 20, uliokaangwa mpaka ukawa na rangi ya kahawa ya maziwa, kisha ukasagwa bila kuwa laini sana. Uliokaangwa kidogo hautoi harufu. Ulioungua hutoa uchungu wa majivu ambao wengine hudanganya kuwa ni «nguvu».

Maji ni suala la afya. Kipindupindu si mgeni Kivu Kusini, na yale maji yanayoongezwa kwenye machicha hayachemshwi baadaye. Ukali na uchachu wa pombe havitoshi kukulinda, hasa siku ya kwanza na ya pili ambazo ndizo tamu zaidi. Maji yachemshwe na kupoa kwenye chombo kilichofunikwa. Kwa hili usione haya kusisitiza, wala usikubali neno «pombe inaua vyote».

Bido nayo inusewe ikiwa tupu. Iliyobeba mafuta ya mawese hufuta povu. Iliyobeba petroli au sabuni ya maji haitapona hata ukiiosha wiki nzima. Kifuniko kisikazwe mpaka mwisho njiani, kwa sababu gesi bado inatoka. Bido iliyovimba kama tumbo la mbuzi itakumwagikia ukiifungua, na lita mbili zitaishia kwenye nguo. Ikifika kwa pikipiki juu ya barabara zetu, iache itulie saa mbili kivulini kabla ya kumimina. Ilaze kidogo, mimina polepole, usitingishe.

Kuhusu asili, Bukavu hunywa za aina tatu. Za milima ya Kabare na Walungu zinafika kwa saa chache na ndizo za kuaminika kwa arusi, kwa kuwa unaweza kupanda mwenyewe kuona shimo. Za Idjwi huja kwa ziwa. Kisiwa kile kinaijua kazi hii, na kasiksi yake ikifika kwa wakati ni nzito na ina harufu inayodumu kwenye kikombe kitupu. Tatizo ni upepo na ratiba ya mashua. Omba ifike Ijumaa jioni, usikubali Jumamosi asubuhi, na mwambie mtengenezaji atie mtama Alhamisi usiku badala ya jioni ili safari isiiivishe kupita kiasi. Za mjini, zinazokamuliwa Kadutu au Bagira kwa ndizi za soko, hutofautiana mno. Zipo bora sana, lakini ndizi za soko zimechanganywa aina na umri, na mara nyingi zimeivia kwenye lori. Kwa kunywa jioni na jirani zinafaa. Kwa siku ambayo familia itaikumbuka, hapana. Katika bei, uliza kitu kimoja kabla ya vyote: bido inarudi au inabaki? Tofauti ya bei za wauzaji wawili mara nyingi ni bei ya bido tu.

Namna ya kunywa ni sehemu ya ubora pia. Kasiksi ya siku ya pili huficha pombe yake ndani ya utamu, na juu ya bido hakuna lebo ya asilimia. Mtu aliyezoea bia hunywa nusu lita kwa mwendo wa bia, bila kula, na saa moja baadaye yuko mbali. Pombe ikipanda haraka damuni, sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi huacha kuhifadhi yanayotokea, ingawa mtu bado anaongea, anacheza, hata anatoa hotuba. Kesho yake si kwamba amesahau hotuba, haikuwahi kuhifadhiwa. Mzee anayekunywa kila siku na kuacha bugali kwa sababu kinywaji kimemshibisha yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ukosefu wa vitamini B1 kwa muda mrefu huharibu kumbukumbu kwa namna isiyorudi. Kwa hiyo chakula kitangulie: bugali, maharage, samaki wadogo aina ya sambaza wa kukaanga wenye chumvi ya kutosha. (Sambaza aliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kasiksi ilikuwepo hapa kabla yake, lakini ni vigumu kuwatenganisha sasa.) Tumia vikombe vya robo lita badala ya nusu. Mzunguko unakuwa mrefu zaidi, watu wanaongea kati ya kikombe na kikombe, na mwenye arusi anaweza kesho yake kueleza nani alisema nini kuhusu baba yake.

Ikibaki, usiifunge na kuitunza kwa wiki ijayo. Siku ya tano ni siki, na siki hiyo ni nzuri kwa kulainisha nyama kabla ya kuichoma. Hiyo ndiyo matumizi yake. Bido isikae na mashapo usiku. Mimina maji ya moto lita mbili, tia ngumi moja ya changarawe safi, tikisa dakika tano, rudia mpaka maji yatoke meupe. Sabuni usitie, harufu yake hukaa ndani ya plastiki na povu la pombe inayofuata halitapanda. Igeuze mdomo chini juani ikauke kabisa, kisha uirudishe pamoja na kifuniko chake kilekile, maana kifuniko cha bido nyingine kitavujisha hewa na mama atapoteza shimo zima.